Nani mwenyeji wa Mwanza? Uliza upande wa mama

Ukiwa mgeni Mwanza utaulizwa jina, lakini hilo si swali lenyewe. Lenyewe linafuata: "Kwenu wapi?" Ukijibu kwamba kwenu ni hapa hapa, utaangaliwa kuanzia unyayo hadi utosi, kisha utapigwa la tatu: "Sawa, hapa Mwanza. Asili yenu sasa?" Usikasirike. Ndiyo salamu ya mji, na haina ubaya wowote mpaka utokee ugomvi.

Ugomvi ukitokea, uwe wa kiwanja, wa meza sokoni au wa mchumba, maneno mawili huchomolewa kama visu: mwenyeji na wa kuja. "Wewe wa kuja tu, unatuambia nini?" Nimeyasikia maneno hayo yakimnyamazisha mtu mzima mwenye haki yake mkononi. Ndipo nikajiuliza, hivi ni nani hasa ambaye si wa kuja katika mji huu? Nikafunga kibegi changu, nikazunguka wiki nzima nikiuliza.

Nilianzia Mwaloni, Kirumba, soko la samaki ambalo harufu yake inakupokea kabla hujaliona. Samaki hawana aibu, watakueleza mambo ya wenyeji na wa kuja bila kupepesa. Sangara, huyo bwana mkubwa anayesafirishwa mpaka Ulaya, si wa ziwa hili. Alipandikizwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sato unayemlambia vidole naye, wengi wao ni uzao wa wageni wa miaka hiyo hiyo. Mwenyeji wake alikuwa ngege, na siku hizi kumpata ngege ni bahati. Halafu walikuwepo furu, vijisamaki vya aina zaidi ya 500. Sangara akawageuza kitoweo, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu hazikuonekana tena kwenye nyavu.

Nikasema basi, furu ndiye mwenyeji halisi. Kumbe bado! Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vya furu na kukuta wametokana na makundi mawili ya samaki yaliyokutana na kuzaana, moja la upande wa Kongo na jingine la upande wa Nile. Isitoshe, ziwa lenyewe liliwahi kukauka, likajaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Yaani hata maji ni ya kuja.

Mama mmoja muuza dagaa alinisikiliza nikimweleza hayo, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "wa hapa ni dagaa. Ndiyo maana hana bei."

Tukacheka. Lakini nikaondoka na kitu kichwani. Kama samaki wenyewe wana nasaba ndefu hivyo, sisi binadamu tunaojibizana kwa mdomo tu tutakuwaje?

Kesho yake asubuhi nilipanda daladala kwenda Kisesa, barabara ya Musoma, kilometa kama 20 kutoka mjini. Ukishuka hapo unapanda kilima kwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement miaka ya 1950. Kama hujafika, nenda. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, kuna ngoma za watemi ambazo ukizisogelea unajikuta umepunguza sauti, na kuna habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo mpaka leo vinapopambana uwanjani Wasukuma hawalali.

Pale Bujora ndipo unapopata la kwanza la kukutoa jasho. Neno "sukuma" maana yake ni kaskazini. Basi! Wanyamwezi waliwaita hivyo ndugu zao waliokaa kaskazini kwao, kama walivyowaita wa kusini Wadakama. Ukijigamba kwamba wewe ni Msukuma asilia, kwa lugha ya wazee umesema wewe ni mtu wa kaskazini asilia. Kaskazini ya nani? Ya huyo aliyekuwa amesimama kusini akikutazama. Na jina la Mwanza lenyewe wengi husema linatokana na nyanza, yaani ziwa. Mji umeitwa maji, watu wameitwa upande wa dira.

La pili ni neno "mtemi". Wazee husema linatokana na kutema, kukata msitu. Mtemi ni yule ambaye wazee wake walifyeka pori wakaweka makazi. Kumbe enzi zile uenyeji ulikuwa jasho na shoka. Koo nyingi za watemi zenyewe zinasimulia kwamba zilitoka magharibi. Ziko koo nyingine ambazo mizizi yake ni Wataturu, watu wa ng'ombe ambao si Wabantu kabisa. Walikuja, wakaoana na wenyeji wao, wajukuu wakaota ndani ya Kisukuma mpaka lugha ya babu ikawasahau.

La tatu ndilo lililonikalisha chini. Kwa desturi ya Kisukuma, mtoto kuwa wa ukoo wa baba kulitegemea ng'ombe. Mahari ikitolewa, watoto wa baba. Isipotolewa, watoto ni wa upande wa mama, na jina wanachukua huko. Damu ni ile ile, mtoto ni yule yule, lakini ukoo umeamuliwa zizini! Kabla ya maabara, ng'ombe ndio waliokuwa kipimo cha asili.

Sasa turudi nyuma zaidi. Kabla ya watemi, kabla ya hao ng'ombe, nani alikuwa akikaa kwenye mawe haya?

Walikuwepo watu. Kando ya ziwa hili, miaka maelfu kabla ya jembe la chuma, waliishi wavuvi na wawindaji waliojua kufinyanga vyungu. Wataalamu wa mambo ya kale huita vyungu hivyo Kansyore, kwa jina la kisiwa kilichopo mto Kagera. Baadaye wakaja wakulima waliojua kufua chuma. Kule Katuruka, Bukoba, mtafiti Peter Schmidt alichimbua mabaki ya ufuaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Pia kuna michoro ya duara ndani ya duara, myekundu na myeupe, kwenye mapango ya kanda hii ya ziwa: Nyero kule Uganda, kisiwa cha Mfangano na Kakapel upande wa Kenya. Mfangano wenyeji wa leo, Wasuba, husema michoro hiyo si ya babu zao. Waliikuta. Ni ya watu wa kale, Watwa, na ilihusiana na mvua.

Pale Kakapel palifukuliwa pia mifupa ya mtu aliyekufa miaka kama 3,900 iliyopita. Mwaka 2020 watafiti walitangaza vinasaba vyake. Undugu wake ulikuwa na wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki, kundi ambalo leo Wahadzabe ndio wanaolibeba zaidi ya wengine. Na Wahadzabe hawako mbali nasi. Wapo kwenye bonde la ziwa Eyasi, na wengine wako Meatu, kabisa mlangoni kwa Wasukuma.

Kwa hiyo wa kwanza walikuwepo. Je, walikwenda wapi? Walihama wote? Walikufa wote? Naomba tuvuke bahari kidogo, kwa sababu kuna watu wa mbali waliokwishapata jibu la kitendawili kama hiki.

Visiwa vya Karibiani, huko zinakotoka reggae na salsa, vilikuwa na wenyeji walioitwa Wataino. Columbus alifika kwao mwaka 1492. Ndani ya miaka michache wakaanza kuteketea kwa maradhi yaliyoletwa na Wazungu, kwa kazi za shuruti na kwa silaha. Halafu wakaletwa Waafrika kwa pingu kulima miwa. Vitabu vikafunga hesabu: Wataino wamekwisha. Watoto mashuleni wakafundishwa hivyo, vizazi kwa vizazi.

Kisha akatokea mtaalamu wa kisiwa cha Puerto Rico, Juan Carlos Martínez Cruzado, akapima vinasaba vya wananchi wa kawaida kule kwao. Alipima vile ambavyo mtu hurithi kwa mama peke yake: mama kwa bibi, bibi kwa mama yake, mpaka huko nyuma kabisa. Akakuta kwamba kati ya kila watu 100, watu 61 hivi wana nasaba ya mama inayotokana na wenyeji wa Amerika. Kama 27 wana ya Afrika, na waliobaki ndio wa Ulaya. Mwaka 2018 likaja la kumalizia. Jino la mwanamke aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lililotolewa kwenye pango katika kisiwa cha Eleuthera, Bahamas, lilisomwa vinasaba vyake vyote. Vikalinganishwa na vya watu wa Puerto Rico wa leo, undugu ukaonekana.

Waliosemwa wamekwisha walikuwa wamekaa mezani wanakula. Jina ndilo lililofutika. Baba alikuwa Mhispania, mtoto akaandikwa Mhispania. Mama Mtaino hakuandikwa popote. Na tusipambe mambo, msomaji wangu: wengi wa mama hao hawakuulizwa kama wanataka. Damu yao ilibaki kwa uchungu.

Hata huku pwani yetu mambo yamefanana kidogo. Mwaka 2023 ilitoka taarifa ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya kale ya Waswahili na jirani zao kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wa watu wa mijini walikuwa na mababa kutoka Uajemi, lakini mama zao karibu wote Waafrika. Miaka yote wenye nasaba zao wakahesabu mababu wa ng'ambo, na bibi wa hapa hapa akakaa jikoni bila jina.

Nikiwa na mambo hayo kichwani, nilipanda meli kwenda Nansio, Ukerewe. Ni safari ya saa tatu hivi, upepo mzuri, mawe yamesimama majini kama watu wanaosubiri usafiri. Zamani wafanyabiashara waliokuwa wakija huku waliliita ziwa zima Ukerewe. Speke alilitazama mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1858, hapo karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Jina la kuja limekaa, la mwenyeji limebaki kisiwani.

Ukiwa Ukerewe tega sikio. Kikerewe kina undugu wa karibu na Kihaya, ng'ambo ya pili ya ziwa, ingawa jirani yao wa karibu ni Msukuma na Mjita. Sababu yake imo kwenye masimulizi: ukoo wa watawala, Wasilanga, ulikuja na mitumbwi kutoka Ihangiro ukiongozwa na Katobaha. Wafalme wa Ukerewe nao ni wa kuja! Waliwakuta watu, wakaoa humo.

Mtu aliyelielewa jambo hili la uzao kuliko wengi alikuwa mwana wa kisiwa hiki, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza mwaka 1945, na habari yake nzima inaanzia kwa mke na mume wanaotafuta mtoto huku ndugu wakitaka kuwatenganisha. Kilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Zaidi ya miaka thelathini aliisubiri kazi yake itoke.

Mchana nilikula ugali wa udaga kwa sato. Udaga ni muhogo uliovundikwa na kukaushwa, na bila huo Mkerewe hajala. Na muhogo huo, bwana, kwao asili ni Amerika. Ni chakula kile kile ambacho Wataino walikuwa wakikitengenezea mkate Columbus alipowafikia. Wareno ndio walioleta mbegu Afrika. Watu wa kisiwa kile walisemwa wamekwisha, na chakula chao kinashikilia kisiwa hiki mpaka leo!

Jirani yangu wa meza alikuwa mzee wa makamo ya kuheshimika, kofia yake ameiweka gotini. Nikamwamkia, nikamuuliza lile swali la Mwanza.

"Asili yenu wapi, mzee wangu?"

"Mimi Mkerewe."

"Na mama?"

"Mama Msukuma, wa Magu."

"Bibi mzaa baba je?"

"Huyo Mjita. Waliletana na babu kwa mtumbwi."

"Na bibi mzaa mama?"

Akafikiri. "Walisema Mkara. Lakini mama yake yeye, mjukuu wangu, watu walikuwa wakinong'ona tu. Hawakuwa wakisema kabila lake." Akanawa mikono. "Lakini wewe andika Mkerewe. Si ndiyo jina la baba?"

Basi, msomaji wangu, kitendawili chote kimo kwenye sahani ya mzee yule. Kabila tunalitoa kwa baba mmoja tu, kila kizazi. Rudi nyuma vizazi vitatu, una wazee nane. Jina umechukua kwa mmoja. Rudi vitano, wazee 32. Jina la mmoja. Hao 31 wengine wamo ndani yako, wanapumua, ila hawaitwi. Na kwa desturi zetu mgeni mwenye ng'ombe, au mtumbwi, au shoka, ndiye aliyeoa kwa mwenyeji wake. Sasa mwenyeji wa kwanza umtafute wapi kama si upande wa mama, kule ambako watu wananong'ona?

Hapo kijiweni najua utaniambia, "Kumbe wote mchanganyiko, basi hakuna mwenyeji, mambo kwisha." Taratibu! Hilo nalo ni kisu, limegeuzwa mpini tu. Wahadzabe wapo hai, hawafiki hata elfu mbili, na pori lao la kuwindia linazidi kumegwa na majembe na mifugo. Ukimwambia Mhadzabe kwamba sote tuna damu yake, atakuuliza asali na nyama atapata wapi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Hiyo ndiyo heshima inayoeleweka. Hata huko Karibiani, kisiwa cha Dominica kimewatengea Wakalinago, wenyeji wake wa asili, ekari 3,700 tangu mwaka 1903, na wapo mpaka leo. Damu ni ya wote, lakini ardhi ya aliyebaki iheshimiwe.

Wapo pia watakaouliza: si tupime tu? Kipimo cha vinasaba kipo nchini, kinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi yake ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na ipo sheria ya mwaka 2009 inayosimamia sampuli za watu. Lakini kipimo hicho ni cha mambo ya nani baba wa mtoto, ya jinai na ya kutambua marehemu. Hakuna mashine itakayokutolea karatasi kwamba wewe ni Msukuma. Kabila halimo kwenye damu. Limo kwenye lugha uliyolelewa nayo, ng'ombe waliotolewa na jina uliloitiwa. Na tukumbuke kwamba hata serikali ilikwisha kuacha kuuliza. Sensa ya mwisho kuhesabu watu wa Tanzania Bara kwa kabila ilikuwa ya mwaka 1967. Hesabu ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Mwanza na watu karibu milioni 3.7, na hawakuulizwa nani wa kuja.

Kwa hiyo mtu akikuchomolea kisu cha "wewe wa kuja", usimjibu kwa matusi. Mwombe akutajie bibi zake: majina yao, walikotoka, lugha waliyobembelezea watoto. Akiwataja wote bila kujikuna kichwa na wote wakawa wa kijiji kimoja, mnunulie soda. Utakuwa umekutana na mtu adimu kuliko ngege.

Mimi mwenyewe nilijaribu juzi kwenye daftari. Upande wa baba nimeandika majina saba, moja juu ya jingine, safi kabisa, kwa sababu tulikaririshwa tangu utoto. Upande wa mama nimeandika mawili nikakwama. Wa tatu familia inamkumbuka kwa mambo mawili tu: alikuwa mfupi, na alijua mahali pa kupata asali wakati wa njaa. Jina lake hakuna anayelijua. Shangazi mkubwa wa mama ndiye aliyekuwa akilijua, na tulimzika mwaka juzi.

Kama bibi yako yupo, mwenzangu, usingoje sikukuu. Nenda na kilo ya sukari, kaa naye chini, uliza.